Nusu Saa Kabla ya Chai

Nilivitupa vidonge vya mwanamke mwenzangu chooni, na nikavisindikiza kwa ndoo ya maji. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia mbele ya safari akadhani mimi ni mgonjwa mwema. Mimi ni mwanamke wa wivu. Mama yangu alikuwa na wivu, na bibi yangu kule Ibaba alikuwa na wivu hata wa mbuzi. Babu akimpapasa mbuzi kupita kiasi, jioni hakuna ugali.

Vidonge nilivikuta kwenye mfuko wa koti la mume wangu. Bahasha ndogo ya kaki ya duka la dawa, ndani yake vidonge vidogo vyeupe, na juu mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: kimoja kila siku asubuhi, usiache. Nikakaa kitandani na bahasha mkononi. Mume wangu hakuwa na ugonjwa hata wa mafua. Sasa ni nani anayemeza kidonge kimoja kila siku bila kuacha? Hilo halihitaji shule. Vile vilikuwa vya kuzuia mimba, na tumbo lililokuwa linazuiwa halikuwa langu.

Mwenye tumbo nilimjua. Sura yake nilikuwa sijaiona, lakini sifa zake nilizijua kuliko ninavyozijua zaburi. Mume wangu alikuwa ananunua mpunga kule bondeni, Kamsamba, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, anaupandisha Tunduma kwa Fuso lake, na mwingine unavuka kwenda Zambia. Huyo mwanamke alikuwa mjane mwenye mashamba, na wanunuzi wengi walifikia kwake. Basi mume wangu akirudi, hata viatu hajavua: yule mama kaamka alfajiri kashapeta magunia mawili. Yule mama hachoki. Yule mama ana maneno ya busara. Busara! Mwanaume akianza kukusifia busara ya mwanamke mwingine, shoga yangu, kaa chonjo. Uzuri anaona aibu kuusifia mbele yako, ndiyo maana anasifia busara.

Zamani ningepasua sahani. Majirani zangu wa enzi hizo wanajua, waliwahi kuja kuamua ugomvi kwa sababu ya mwuza samaki aliyemwongezea mume wangu dagaa wa bure. Lakini miaka ile miwili sikupasua kitu. Wivu ulikuwepo wote, umenikaa hapa kifuani, ila nguvu za kugomba sikuwa nazo. Nikishaandaa maneno ya kumwambia, usingizi unanichukua kabla hajamaliza kula.

Nilikuwa nalala na kuku, naamka jua liko juu ya paa la jirani, na bado nimechoka. Nilikuwa na kibanda cha vitenge karibu na mpaka, na wateja walikuwa wananiamsha niwapimie. Nilisahau bei. Nilisahau jina la mwanakwaya mwenzangu tuliyesimama naye mstari mmoja miaka minane. Sauti ikawa nzito, mtu akinipigia simu ananipa shikamoo baba. Nikichana nywele, nusu zinabaki kwenye kitana. Ngozi ya miguu ilikauka mpaka mafuta ya kupaka nikayaona hayana maana. Chooni naenda mara mbili kwa wiki, na kwa jasho. Siku zangu za mwezi zilikuwa zinakuja kwa fujo na kuondoka zinapotaka zenyewe.

Na nilikuwa nanenepa. Hapo ndipo kila mtu alipopotea, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa nakula nusu sahani, lakini uso ulijaa, macho yakavimba asubuhi, pete ikakataa kutoka kidoleni. Pale Tunduma mwanamke wa biashara akinenepa watu hawasemi anaumwa. Wanasema mambo yamekubali. Wateja wangu wa Zambia wakivuka walikuwa wananipigia makofi, "Bamayo, mwaina!", yaani mama umenona, na wenzangu wa vibandani wanadakia, "Mpunga wa bondeni huo!" Nami nilicheka nao. Ningesema nini? Kwamba huo mpunga wa bondeni ndio unaoniua?

Baridi nayo haikunishtua. Nilikuwa na sweta la kijani ambalo sikulivua, la kulalia ndilo la kuamkia. Lakini Tunduma kuna upepo, kila mtu ana sweta lake, na mwezi wa sita hata mapolisi wa mpakani wanajikunyata. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila kule kwetu nguo yenyewe kila mtu ameivaa.

Zahanati nilikwenda. Nilipimwa malaria na taifodi, maana hata ukienda umejikata kidole utapimwa malaria na taifodi. Nikameza dawa za taifodi mara mbili. Wakasema damu imepungua kidogo, nikanywa rozela mpaka meno yakawa mekundu. Shemeji yangu mmoja akasema nimeingiliwa na mashetani, akataka kunipeleka kwa mganga wake. Mwingine akaniangalia tumbo akasema hongera. Kisha nikawaza la kwangu mwenyewe: huyu bwana kaniletea ugonjwa kutoka bondeni. Nikaenda kupima UKIMWI kwa siri, nimejitanda kitenge usoni. Majibu yakaja, sina. Mhudumu akanipongeza kwa mikono miwili. Nikatoka pale nikiwa na huzuni kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nataka ushahidi, na ushahidi sikuupata.

Kwa hiyo nilipoushika mkononi ndani ya bahasha ya kaki, nilijua la kuufanyia. Nikaenda chooni nikamimina. Bahasha sijui hata niliiangushia wapi.

Asubuhi yake mume wangu alitia mkono mfukoni. Akautoa, akautia tena, akaugeuza mfuko nje ndani. Halafu akaniangalia. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikaivuta kwa sauti. Nilikuwa nasubiri aulize tu, aulize hata nusu ya swali. Hakuuliza. Akavaa koti lake akatoka.

Mwezi ukapita, siku ya safari ya bondeni ikafika tena. Nikamwambia, "Safari hii tunakwenda wote." Nilishajiandaa kwa visingizio: gari bovu, barabara mbaya, nani atabaki nyumbani, maana watoto wetu wote wawili walikuwa bweni. Akasema, "Twende," tena upesi, na nikaona uso wake umechangamka. Kuchangamka huko kukanitia wasiwasi kuliko kama angekataa. Nikachagua kanga kwenye kibanda changu, ile iliyoandikwa Mwenye Wivu Ajinyonge, nikajifunga. Akaisoma, akaniuliza, "Hiyo unamwambia nani?" Nikapanda gari.

Kwa kawaida alikuwa anatoka usiku ili afike alfajiri. Siku hiyo, kwa ajili yangu, tuliondoka asubuhi. Ulikuwa mwezi wa kumi. Tulipoiacha mibuni ya Mbozi na kuanza kuteremka, joto lilitupokea njiani. Mume wangu alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka vikaisha. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye usukani. Mimi nikapandisha kioo cha dirisha langu.

"Vua sweta," akaniambia.

"La nini? Sisikii joto."

Akaniangalia muda mrefu mpaka gari likataka kutoka barabarani.

Tulifika saa tisa alasiri. Mbwa wamelala chini ya ghala, ndimi nje. Wanaume wanapakia magunia vifua wazi. Na katikati ya uwanja, juani, juani kabisa, kuna mwanamke amekaa kwenye kigoda, amejifunika shuka zito la wafugaji mpaka shingoni. Akasimama taratibu, kama anainua mzigo. "Karibuni," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. Macho yamevimba. Uso umejaa maji. Huyu ndiye hachoki? Huyu ndiye anayepeta magunia mawili kabla ya jua? Sitawaficha, kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Nikasema moyoni, kumbe kachakaa!

Mgeni akifika na vumbi lake, kabla ya chakula anapewa maji ya kuoga. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba. Binti yake akaniletea ndoo mpaka kwenye bafu la nyasi. Nikatia mkono ndani, nikautoa. Mwili mzima ulisisimka kwa baridi. Nikabaki nimesimama na ndoo yangu. Kuomba maji ya moto Kamsamba, mwezi wa kumi, ni sawa na kuomba mwamvuli ndani ya nyumba. Wivu ninao, lakini na aibu pia ninayo.

Yule mwanamke alikuwa ananiangalia. Aliangalia mkono, akaangalia sweta, akaangalia uso wangu kwa makini kuliko wengi walivyoniangalia kwa miaka miwili. Akamwita binti yake. "Hayo mpe baba. Mama mletee yale yangu ya jikoni."

Watoto wakacheka, "Na huyu naye anaoga ya moto!" Yeye hakucheka.

Nilipotoka kuoga alinivutia kigoda karibu na chake, tukawa wawili pale juani, mmoja na shuka, mwingine na sweta. Wapakiaji walikuwa wanatuangalia kama watu tuliotoka sayari nyingine. Akaanza kuniuliza. Unalala sana? Nywele zinatoka? Choo kinafunga? Hedhi inakuwa nzito? Unasahau? Aliuliza kama mtu aliyekuwa analala kitanda kimoja na mimi, na kila swali nilikuwa najibu ndiyo, huku hasira zinapanda, maana nilimfuata mimi nikamchunguze yeye. Akaniambia nimeze mate, akaniwekea vidole kooni.

"Mimi ndivyo nilivyoanza, dada," akasema. "Kabla hatujahama, nikiwa Shinyanga. Waliponipima wakasema tezi ya shingoni imelegea, haifanyi kazi yake."

"Rovu?" nikamwambia. "Rovu nalijua. Bibi yangu Ibaba alikuwa nalo, kubwa kama chungu cha mboga. Mimi shingo yangu nzima."

"Hata yangu nzima, si unaiona? Inaweza kulegea bila kuvimba. Nenda hospitali kubwa wakupime damu. Waambie wapime tezi, usipowaambia watapima malaria."

"Na wewe ukapona?"

"Hakuna kupona. Kuna kumeza. Kidonge kimoja kila siku asubuhi, vidogo vyeupe. Huku havipatikani, mumeo ndiye ananiletea kutoka Mbeya. Safari iliyopita vilimdondoka njiani, na mimi nilikuwa nimebakiwa na vya siku tatu tu. Ndiyo maana unaniona hivi. Usimgombeze, barabara yetu mnaijua."

Jamani. Maji ya moto niliyooga yaligeuka barafu mgongoni. Dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa mkononi mwangu, nikaimwaga chooni, na mwenye dawa amekaa mbele yangu amevimba kwa sababu yangu, na ananiomba nisimgombeze mume wangu. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, nikaishia kuomba maji ya kunywa.

Ningeweza kunyamaza hapo mambo yakaisha. Lakini wivu hauna adabu, hata ukiwa na hatia. Nikamwuliza, "Na hizo busara zako anazozisifia, mnaziongelea saa ngapi?"

Akacheka kidogo. "Ukishameza kidonge, huruhusiwi kula wala kunywa chai mpaka nusu saa ipite. Wanunuzi wanafika alfajiri, mimi nimeshameza, chai siwezi kunywa, na mgeni siwezi kumwacha peke yake. Tunakaa. Basi mumeo anaongea."

"Anaongea nini?"

Akavuta shuka lake. "Anakuongelea wewe. Anasema umemchoka. Akikusimulia unasinzia, akikugusa unageukia ukutani. Akichelewa kurudi humwulizi alikuwa wapi. Anadhani una mtu ng'ambo, Nakonde."

Mimi! Mimi niliyekuwa sina nguvu za kuvuka mpaka kununua sukari, niwe na hawara Nakonde! Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu kicheko kikakatika, na nikashikwa na wivu ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada. Angekuwa amelala naye, ningejua la kufanya. Sisi tumefundwa, tunajua. Lakini alimpa maneno. Uchungu wake wote, hofu yake yote, alikuwa anavishusha bondeni kwa nusu nusu saa, na mimi nilikuwa nimelala. Aliyojua mwanamke huyu kuhusu ndoa yangu, mimi mwenye ndoa nilikuwa siyajui.

Tuliporudi, tulipoanza kupanda mlima, nikamwambia mume wangu bila kumwangalia, "Vile vidonge nilivitupa mimi."

"Najua. Bahasha niliikuta kando ya choo."

"Ulijua? Na ukanyamaza? Mwenzio amevimba vile!"

"Sikujua kama vikikosekana atakuwa hivyo. Sikuwahi kufika Mbeya tangu siku ile, nikajua mwezi mmoja si kitu." Akabadilisha gia, gari likalalamika. "Na ningekwambia ni vya nani, ungeniacha nimalize kusema?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe.

"Ila nilipoiona ile bahasha," akasema, "nilifurahi. Nilisimama pale chooni nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe bado ananionea wivu."

Nikajifunika ile kanga usoni mpaka Mlowo.

Kesho yake hatukufungua kibanda. Tulikwenda Mbeya, na kabla ya hospitali nikaingia duka la dawa nikanunua vidonge vyake kwa mkono wangu, nikavitanguliza bondeni na mnunuzi mwenzetu aliyekuwa anateremka siku hiyo hiyo. Hospitalini daktari alikuwa binti mzuri, meno meupe, kwa hiyo mume wangu nilimwambia akae nje. Binti akanisikiliza. Akanishika mapigo, akasema yanakwenda polepole. Akaona nyusi zangu zimenyonyoka pembeni, kitu ambacho mimi mwenyewe mwenye kioo nilikuwa sijakiona. Akanigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka vizuri, lakini kurudi ukarudi kwa uvivu, kama na wenyewe umechoka. Akatoa damu mkononi na kuniambia kipimo hicho hakitoki siku hiyo, nirudi.

Wiki mbili zile nilizihesabu kwa vidole. Nilikuwa naogopa majibu mabaya, na nilikuwa naogopa zaidi majibu mazuri. Kama tezi ni nzima, basi ningebaki kuwa mke aliyemchoka mume wake, na neno la kujitetea nisingekuwa nalo.

Siku ya majibu, binti yule alimwita na mume wangu ndani. Akatuonyesha karatasi. Akasema ubongo wangu unaigombeza tezi kwa nguvu iamke, na tezi haisikii, ndiyo maana namba ile imepanda hivi na hii imeshuka hivi. Nitaanza na dozi ndogo, nitapimwa tena baada ya wiki sita, na nitameza maisha yangu yote. Nikaitikia kila kitu. Mume wangu alikuwa anaipindapinda kofia yake.

"Daktari," akasema, "samahani. Mtu akiwa na huu ugonjwa, anaweza… akawa anageukia ukutani mwenzake akimgusa?"

"Anaweza, baba. Hamu inalala, furaha inalala, hata ugomvi unalala. Si kwamba amekuchoka."

Akaweka kofia usoni kama anajifuta jasho, na ofisini mle hapakuwa na joto. Alikaa hivyo mpaka daktari akajifanya anatafuta kalamu. Nikamshika goti. Nilikuwa sijamshika goti kwa hiari yangu kwa miaka miwili.

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Zilirudi moja moja: kwanza choo, kisha sauti, kisha siku moja nikajikuta nimelivua sweta na sijui nimeliweka wapi. Zilipofika na nguvu za kugomba, majirani walijua. Mume wangu alichelewa kidogo tu kutoka gereji, nikampokea mlangoni na maswali saba, na yule mtu alisimama pale akayapokea yote, anatabasamu kama bwana harusi.

Yule wa bondeni mpaka leo sijamwambia nani alimwaga dawa yake. Kila mwezi namnunulia mimi, naandika mwenyewe juu ya bahasha, naongeza na kitenge. Ananiita mdogo wangu mwema, na kila akisema hivyo nainamisha kichwa. Ana moyo safi, namwombea maisha marefu. Lakini ninavyompenda hivyo hivyo, mambo mengine simwachii.

Siku hizi naamka kabla ya jua. Nameza kidonge changu kwa maji, nautoa uchovu wa usiku kwa kujinyoosha, kisha namwamsha mume wangu, aketi. Chai haimiminwi kwangu wala kwake. Namwambia, "Haya, sema. Yale ya kumwambia mwanamke wa bondeni, niambie mimi." Mwanzoni alikuwa anaona aibu, anazungumzia matairi. Sasa anasema, mengine mpaka natamani nisingeyasikia.

Na mpunga siku hizi mume wangu haufuati usiku. Anaondoka Tunduma tukishamaliza nusu saa yetu. Mpaka afike Kamsamba ni mchana, na yule mama chai yake keshakunywa zamani.